Kanda ya Mmarekani na Kaburi la Baba

Mtu akiniambia kwamba ile kanda ya Mmarekani ndiyo iliyoivunja nyumba yetu, namkatiza hapo hapo. Kanda haina mikono. Nyumba yetu ilivunjwa na watu wazima wenye akili zao timamu, wenye mvi, wenye viti vya mbele kanisani, na hadi leo nikiikumbuka siku ile ya makaburini damu inanichemka. Wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Wapumzike kwa amani, lakini nitasema.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na ile iliyofuata ya ubinafsishaji. Kilosa mjini kukawa na kila kitu, na papo hapo hakuna kitu. Mitumba ilijaa sokoni, sabuni za kutoka nje zikawa zinanukia mpaka barabarani, redio za kanda mbili zikapangwa madukani. Huku mashamba ya mkonge yakawa yanaota vichaka, na reli ikaanza kupunguza watu. Baba yangu akapunguzwa. Alikuwa kiongozi wa genge la watengeneza njia, wale wanaoitwa kila mto Mkondoa unapofurika pale Kidete na kulizoa tuta, wakashinda kwenye matope wakibeba mataruma ya kulazia reli. Ujana wake wote aliuacha kwenye yale mataruma. Akarudi nyumbani na baiskeli yake na koti la mvua, akakaa barazani akitazama kila kitu kipya kinachopita kana kwamba ndicho kilichomfukuza kazi.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa baba na mama, wakati huo alikuwa fundi wa matairi Mikumi, kwenye barabara kuu, pale yanapopumzika malori ya Zambia na Malawi. Krismasi moja dereva wa Kizambia alikwama na tairi, mafundi wengine wote wamekwenda kula sikukuu. Kaka akaacha sahani yake akamtengenezea. Yule dereva akamshukuru kwa kumpa kanda ya muziki, akasema huyu ni Mmarekani, anafoka, lakini siyo kama wale unaowajua.

Kweli hakuwa kama wale tuliowajua. Sisi tulizoea Wamarekani wa maghorofa. Huyu, kwenye jalada la kanda, alipigwa picha amekaa kwenye ngazi ya kibanda cha mbao chenye paa la bati, uani kuku, vumbi tupu. Mtu mnene, mweusi tii, meno ya mbele ya dhahabu, na shingoni minyororo minene kama ya kufungia ng'ombe. Albamu nzima alikuwa haharakishi. Besi ilikuwa nzito hata vioo vya dirisha vikawa vinatetemeka, na yeye juu yake anayavuta maneno taratibu, kama mzee anayesimulia akiwa ameshashiba. Kaka alikuja nayo Kilosa, tukaisikiliza chumbani kwake na redio yake ya betri, mlango umefungwa.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne shule ya misheni, kwa hiyo kaka akaniambia, "Haya msomi, tafsiri." Lo! Kiingereza cha shule kiligonga mwamba. Yule bwana alikuwa anameza nusu ya kila neno. Tukarudisha, tukasikiliza tena, tukarudisha, betri zikaanikwa juani zikarudishwa, na pole pole nikaanza kumpata. Alikuwa anasema ametoka Kusini, kwenye joto na mashamba. Alikuwa anasema wafokaji wa miji mikubwa huko kaskazini wanawacheka, wanawaita washamba, wanauliza kama kwao kuna umeme.

Kaka aliruka kitandani. "Huyu ni mtu wa mkoani! Dada, huyu ni mtu wa mkoani kama sisi!"

Alikuwa na haki ya kuruka. Aliwahi kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, wakamcheka tangu anashuka kwenye treni, wakamuuliza kama Kilosa wanavaa viatu. Alikuwa hajawahi kumsikia mtu aliyechekwa hivyo akajibu, tena kwa sauti kubwa, tena akalipwa kwa kujibu.

Halafu kulikuwa na wimbo wa mwisho upande wa pili. Ule hakufoka sana, aliongea. Alimsimulia babu yake, aliyechuma pamba maisha yake yote kwenye shamba la mtu, akafa bila hata kipande cha ardhi cha kuzikiwa. Niliyajua hayo mambo ya pamba kutoka darasa la historia, namna watu wa huku Afrika walivyopelekwa kule kwa minyororo. Nikamweleza kaka. Akaurudisha ule wimbo mwanzo, kisha akasema, "Kama babu."

Hapa inabidi nieleze aibu ya nyumbani kwetu, ingawa haikupaswa kuwa aibu. Babu yetu alikuwa manamba. Alisombwa kutoka Unyamwezi pamoja na wenzake, wakapewa namba badala ya majina, wakapewa na visu vya kukatia mkonge, wakamwagwa kwenye mashamba ya huku Kilosa. Nusu ya mji huu ni wajukuu wa watu hao. Lakini kwetu neno hilo lilikuwa halitamkwi. Tulifundishwa kusema, "Babu alikuja kwa reli." Ni kweli alikuja kwa reli, ila ndani ya behewa la mizigo. Baba alipata kazi ya reli yenye sare na filimbi, akadhani amelifuta lile neno.

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeruhusiwa kulitamka. Huyo ni mtani wa baba, mama mmoja wa Kikaguru aliyekuwa akiuza ndizi za kuchoma stesheni. Wanyamwezi na Wakaguru ni watani, na mtani hakasirikiwi. Alikuwa akipita mbele ya baraza letu na beseni lake kichwani anapaza sauti, "We mtumwa wangu! We manamba! Treni ya kukurudisha kwenu Tabora imeshafika, mbona umekaa?" Na baba, baba yangu mkali yule, alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi, kisha anamjibu matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Sasa ikawa Jumapili. Kaka ametoka Mikumi kutusalimu, amekaa uani na redio, ile albamu inapiga. Baba akarudi kutoka kanisani akiwa na kaka yake, baba mkubwa wetu, mzee wa kanisa, na majirani wawili watatu. Baba akalichukua lile jalada akalitazama. Baba mkubwa akachungulia, akaguna, akasema, "Wahuni hao. Ndiyo hayo mnayoletewa na ruksa."

Baba akauliza, "Mtu mzima na akili zake anajifunga minyororo shingoni kwa hiari yake?"

Kaka angenyamaza tu. Lakini alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo, akataka baba naye alijue. Akasema, "Baba, mababu wa huyu walifungwa ya chuma, wakachuma pamba ya watu. Ndiyo maana yeye anavaa ya dhahabu. Huyu ni ndugu yetu kabisa, baba. Babu yake alikuwa manamba kama babu yetu."

Mbele ya majirani! Uso wa baba ulibadilika. Nilikuwepo, nilikuwa nakuna nazi, nikaacha. Kaka hakuwa anatukana. Alikuwa anampenda babu kuliko sisi sote. Jambo lile lile ambalo mtani alilipigia kelele barabarani kila siku, baba akacheka, mwanawe alipolisema kwa heshima likawa tusi. Mkuki kwa nguruwe! Baba angeweza kulimeza, nina hakika, kama asingekuwapo baba mkubwa pembeni kulichochea. "Umesikia? Umesikia mwanao anavyomwita marehemu baba yetu? Mbele za watu? Angekuwa wangu huyu!"

Baba akaitoa kanda redioni, akavuta utepe wote nje, mkono kwa mkono, mpaka ukajaa miguuni pake. Akamwambia kaka, "Toka. Na usikanyage tena kwangu." Kaka akatoka na redio yake tupu. Ule utepe baba akaupeleka shambani kwetu Chanzuru, akaufunga kwenye mpunga ili utishie ndege. Msimu mzima ulikuwa unalia kwa upepo. Nilikuwa napalilia pale huku nikisikia kweli kweli kwamba tumekuwa watu wa hovyo.

Kaka hakukaa kimya. Alituma wazee wa Mikumi kuja kumuombea radhi, kama desturi inavyotaka. Mara ya kwanza baba aliwapokea vizuri, akawakaribisha chai, akawa anaelekea kulegea. Baba mkubwa akaja, akakaa, akaanza na zile methali zake za asiyesikia la mkuu. Wazee wakaondoka bila jibu. Mara ya pili wakapokelewa na baba mkubwa mwenyewe mlangoni, kana kwamba nyumba ni yake. Kaka akituma mchele na vitunguu, baba mkubwa anasema virudishwe. Tukarudisha. Mama alikuwa mtu wa kufunika sufuria na kunyamaza, na mimi kwa ujinga wa ujana nilidhani kunyamaza kwake ni kukubali.

Nilikwenda Mikumi kumwona kaka, nikipitia kijiji chetu kiitwacho Ulaya kwenye gari lililobeba magunia na mbuzi. Nilimkuta ameshanunua nakala nyingine ya ile albamu kwa wauza kanda wa pale stendi. Alikuwa ameikariri yote, upande wa kwanza na wa pili. Dereva mmoja rafiki yake akatuwekea kwenye lori, lenye spika kubwa, mchana kweupe, mlango wazi, na mafundi wote wa matairi wakaacha kazi zao wakasikiliza. Ulipofika ule wimbo wa babu, kaka akawa anautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili kwa sauti, na watu wazima wale, wenye grisi mpaka viwikoni, wakawa wanaitikia. Mmoja wao alisema, "Mimi babu yangu alitoka Ubena, namba yake naijua mpaka leo." Hakuna aliyeona haya.

Kaka akaniambia, "Dada, mimi sitaki baba aupende muziki huu. Nataka nirudi nyumbani tu. Nataka siku akiondoka nimtupie udongo." Ndicho alichokitaka. Siyo nyumba wala shamba. Mtoto wa kwanza kumzika baba yake, hicho tu.

Baba aliumwa wakati wa masika. Alilala chumbani, mama na mimi tunabadilishana kumuuguza. Asubuhi moja, mama anamlisha uji, baba akafungua macho akauliza wazi wazi, "Yuko wapi kijana wangu? Mwambieni aje." Mama akaacha kijiko. Nikatoka mbio kumwambia baba mkubwa aliyekuwa barazani, nikidhani, mpumbavu mimi, kwamba atafurahi. Hata hakuinuka. "Hiyo ni homa inasema," akasema. "Maneno ya mgonjwa hayachukuliwi. Neno lake ni lile alilolisema akiwa mzima."

Hivi kweli? Neno la hasira liwe wosia, neno la huruma liwe homa? Nilikwenda stendi, nikampa dereva wa gari la Mikumi ujumbe wa kaka, kwamba baba anamwita. Lakini njia ilikuwa ya masika, magari yanalala kwenye matope, na baba hakusubiri. Alifariki kesho yake.

Kaka alifika siku ya mazishi, asubuhi, ametembea sehemu ya njia kwa miguu, matope mpaka magotini. Baba mkubwa alimsubiri kwenye pengo la uzio wetu wa minyaa.

"Shikamoo baba mkubwa," kaka akasema.

Hakuitikia. Jamani, mnajua maana ya kumnyima mtu marahaba kwenye msiba wa baba yake? Watu wote uani wakatazama chini.

"Marehemu alisema usikanyage kwake," baba mkubwa akasema. "Maneno ya marehemu hayavunjwi. Hapa huingii, na makaburini hushiki udongo."

Nikapiga kelele, "Alimwita! Baba alimwita!" Shangazi zangu wakanivuta ndani wakanifunga mdomo kwa khanga, eti naleta aibu msibani. Kaka akasimama ng'ambo ya barabara, juani, na jeneza la baba yake liko hatua chache kutoka kwake. Wakapita watu wa kila namna kuingia kutoa pole. Hata mtu aliyewahi kumwibia baba baiskeli aliingia.

Tukaenda makaburini. Kaka akafuata nyuma kabisa, peke yake. Katekista akasali. Vijana wakashika kamba ili washushe jeneza. Ndipo mtani wa baba, yule mama wa Kikaguru, akaweka chini beseni lake, akajifunga khanga kiunoni, akashikwa mikono na watani wenzake wawili, akatelemka ndani ya kaburi. Akajilaza chali, akafumba macho.

Watani huwa wanafanya hivyo. Watu wakacheka kidogo, wakaanza kumrushia sarafu ili atoke, kama kawaida. Akazirusha nje zote.

"Sitaki hela zenu za kitumwa," akasema. "Mimi namtaka manamba mdogo. Yuko wapi? Mtumwa wangu hawezi kuzikwa na wageni wakati mwanawe kasimamishwa kule nyuma kama mwizi wa kuku."

Baba mkubwa akaja ukingoni. "Mama, hilo siyo jambo la utani."

"Ooo! Umekasirika? Mtani kakasirika, jamani! Mshuhudie, anatoa faini!" Watu wakacheka zaidi. Kisha akakaa kitako mle ndani, akaanza kumwigiza baba siku ile ya Jumapili, ambayo mji mzima ulishaisimulia, jinsi alivyovuta utepe mkono kwa mkono, macho yamemtoka. Halafu akamwigiza Mmarekani, amevimbisha mashavu, anafoka Kiingereza chake mwenyewe ambacho hakipo, mabega yanacheza ndani ya kaburi. Makaburini kote watu walivunjika mbavu. Mimi nilikuwa nacheka huku machozi ya hasira yananitoka, kwa sababu haya ndiyo niliyokuwa nayasema tangu asubuhi nikazibwa mdomo, na sasa yanasikika kwa sababu yamekuwa mzaha.

Akaacha kucheka ghafla. "Mkimtaka marehemu wenu ashuke, mleteni mwanawe ashike udongo wa kwanza. Hamtaki, nizikeni mimi, nyie rudini na jeneza lenu mkale nalo ubwabwa."

Wangefanya nini? Kumvuta mtani kwa nguvu haiwezekani, kumkasirikia haiwezekani. Wazee wakanong'onezana, jua linazidi, katekista anatazama saa yake. Mwishowe mmoja wao akamwashiria kaka kwa kidevu. Hata kwa mkono hapana, kwa kidevu. Kaka akapita katikati ya watu. Akamshika yule mama mkono akampandisha, akamkung'uta udongo mgongoni. Jeneza likashuka. Kaka akatupa udongo wa kwanza, kisha akachukua koleo, na hakumpa mtu mwingine lile koleo mpaka kaburi likajaa.

Tukarudi nyumbani. Pale penye pengo la uzio yalikuwa yamewekwa maji ya kunawa mikono. Kaka akanawa, lakini hakuingia. Wazee wakaanza kumwita sasa, sauti zao zimekuwa tamu. "Ingia mwanetu, wewe ndiye mkubwa wa hapa sasa. Mtani ameshayamaliza."

"Mtani amemaliza ya makaburini," kaka akasema. "Baba aliniita kabla hajafa. Ninyi mkanisimamisha juani mkasema alinikataa. Nitaingia hapo aliyenizuia asubuhi atakapotoka aniambie mbele ya watu hawa kwamba baba aliniita."

Wote wakamtazama baba mkubwa. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha baba barazani. Akajikohoza, akarekebisha kola ya shati, akasema habari za wagonjwa kuweweseka, kwamba vijana wa siku hizi hawana subira, kwamba leo siyo siku ya kubishana. Hakutoka.

Mama alikuwa ndani, chini kwenye godoro, amezungukwa na wanawake, kama mjane anavyotakiwa kukaa mpaka siku ya kuanua matanga. Kwetu mjane hatoki. Akainuka. Shangazi zangu wakamshika, akawatoa mikono. Akapita katikati ya wanaume pale barazani bila kumwangalia mtu, amebeba mkeka wake mwenyewe kwapani, akatoka kwenye pengo la uzio, akautandika kando ya barabara miguuni pa kaka.

"Alikuita," akasema, na sauti yake ilifika mpaka barazani. "Nilikuwa nimeshika kijiko. Alisema, kijana wangu aje."

Akakaa, akamvuta kaka chini akae naye. Nami nikachukua mkeka nikawafuata. Yule mtani akaja na beseni lake. Kisha wanawake wengine wakaanza kutoka mmoja mmoja, na mikeka, na watoto mgongoni, na baadaye wakarudi kuyachukua masufuria na kuni. Moto ukawashwa upya kule kando ya barabara. Hadi jua linashukia milimani, barazani walikuwa wamebaki wazee peke yao, wamenyooka kwenye viti, wananusa ubwabwa, na hapakuwa na mtu wa kuwapelekea.